Mlevi na Mgonjwa wa Akili: Mara Nyingi ni Mtu Mmoja

(Hotuba ya ofisi ya huduma za jamii kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, katika semina ya siku moja. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, kwa sababu wengi waliomba nakala.)



Mmetuomba tuzungumze juu ya ulevi. Sasa, ulevi ukitajwa katika ukumbi kama huu kila mtu anajua kitakachofuata: pombe ni mbaya, acheni pombe, tuombe. Wanaokunywa hawapo hapa. Waliopo ni wake zao na mama zao, na hao wameshaomba mpaka magoti yakaota sugu.

Kwa hiyo leo hatukuja kuhubiri. Tumekuja kusema jambo moja, tena tutalirudia ili mtu asitoke hapa bila kulibeba: huyu mtu tunayemwita mlevi, mara nyingi ni mgonjwa mara mbili. Ana ugonjwa wa pombe na pia ana ugonjwa wa akili au wa moyo uliovunjika. Ukitibu mmoja ukaacha wa pili, kazi yako itakuwa ya kuteka maji kwa kikapu.

MAPACHA WAWILI

Hebu tuchukue mfano wa nyumba ambayo kila mmoja wetu anaijua. Kijana alikuwa fundi mzuri. Kazi ikaisha, mke akarudi kwao na watoto. Akaanza kukosa usingizi. Kila usiku saa nane yuko macho, mawazo yanazunguka kama jiwe la kusagia. Rafiki akamwambia, "Pata kikombe kimoja, utalala." Akanywa, akalala. Kesho yake vikombe viwili. Baada ya mwaka mmoja hawezi kulala bila chang'aa, na asubuhi hawezi kushika msumari bila kutoa loki.

Tuulizane: ni pombe iliyoleta huzuni, au ni huzuni iliyoleta pombe? Ukweli ni kwamba zote mbili zinasukumana. Pombe hupumbaza akili kwa saa chache, kisha ikitoka mwilini inaacha wasiwasi na huzuni kubwa kuliko ya jana. Usingizi wake pia ni wa uongo: unamlaza mapema na kumwamsha usiku wa manane. Basi mtu anakunywa tena ili aondoe kile ambacho pombe yenyewe imekileta.

Wengine walianza na ugonjwa wa akili. Kuna anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii. Kuna mama aliyejifungua na furaha haikuja. Kuna aliyeona mambo ya kutisha, kama zile ghasia za mwaka 2007 na 2008, na mpaka leo akisikia mlango ukibamizwa anaruka. Watu hawa hawaendi kliniki kwa sababu wanaogopa kuitwa vichaa. Kuitwa mlevi kuna aibu kidogo kuliko kuitwa kichaa, kwa hiyo wanachagua kuwa walevi.

Na kwa vijana wetu tuseme wazi: bangi pia imo katika hesabu hii. Si kila anayevuta atapata wazimu, lakini kwa kijana mwenye udhaifu huo, hasa aliyeanza mapema na anavuta kila siku, bangi inaweza kuuamsha. Tukiona kijana ameanza kujifungia, anaongea peke yake, anashuku hata chakula cha mama yake, tusiseme tu "ni bangi, itaisha." Apelekwe aangaliwe.

UGONJWA AU TABIA MBAYA?

Wazee hupenda kutuuliza: "Kwani si yeye mwenyewe aliyeshika kikombe?" Ni kweli, kikombe cha kwanza alikishika mwenyewe. Lakini pombe nyingi kwa muda mrefu hubadilisha ubongo, yaani ile sehemu inayomwambia mtu "hii yatosha" inalegea, na ile inayotamani inapata nguvu. Hapo mtu anaweza kuapa asubuhi kwa machozi ya kweli, na jioni akaonekana pale pale. Machozi hayakuwa ya uongo. Ndivyo ugonjwa ulivyo.

Kuuita ugonjwa hakumwondolei wajibu. Mwenye kisukari hakujipangia kisukari, lakini ana wajibu wa kumeza dawa na kuacha sukari. Vivyo hivyo mgonjwa wa pombe ana wajibu wa kutafuta msaada, na sisi tuna wajibu wa kuuweka mahali anapoweza kuufikia.

Kuna maswali manne ambayo wahudumu wa afya wameyatumia kwa miaka mingi. Mtu anaweza kujiuliza kimya kimya:

1. Je, umewahi kuona kwamba ungepaswa kupunguza kunywa?
2. Je, watu wamekuudhi kwa kukusema juu ya unywaji wako?
3. Je, umewahi kujisikia vibaya au kujuta kwa sababu ya kunywa?
4. Je, umewahi kunywa asubuhi, kabla ya kitu kingine, ili mikono itulie?

Akijibu "ndiyo" mara mbili au zaidi, aende akaonane na mhudumu wa afya. Halafu sisi tunaongeza la tano: je, moyo wako ulikuwaje kabla hujaanza kunywa? Hapo ndipo pacha wa pili hujitokeza.

TUSIMFUNGIE NYUMBANI

Hapa tunaomba msikilize vizuri, maana watu wanakufa.

Desturi imeingia katika vijiji vyetu. Familia ikichoka, ndugu wanakutana, wanamkamata mlevi, wanamfungia chumbani siku nne au tano "pombe imtoke." Wengine wanamfunga kwa kamba. Nia yao ni njema, lakini jambo lenyewe ni la hatari.

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miezi au miaka, mwili wake umeizoea pombe. Ikikatwa ghafla, mwili unashtuka. Kati ya saa 6 na saa 24 tangu kikombe cha mwisho ataanza kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio, kutapika na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza wengine wanashikwa na degedege kama mtu wa kifafa. Na kuanzia siku ya pili hadi ya nne, wachache wanachanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanapigana na watu wasiokuwepo, mwili unawaka moto. Hali hiyo ya mwisho isipotibiwa inaua.

Familia ikimwona hivyo inasema ana mapepo au amerogwa. Wanaitwa waombaji badala ya kuitwa gari. Ndugu zangu, sala ni nzuri, nasi tunasali. Lakini mnaweza kusali mkiwa ndani ya gari njiani kwenda hospitali. Huko atapewa dawa ya kutuliza, kama vile diazepamu, inayopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Atapewa pia vitamini B1, kwa sababu walevi wengi hawali vizuri na upungufu wa vitamini hiyo huharibu ubongo na kumbukumbu. Ni dawa za kawaida, ila zinahitaji mtu aliyesomea. Tusinunue diazepamu dukani tukampa wenyewe. Ikichanganyika na pombe inaweza kumzimisha pumzi, na yenyewe pia ina uraibu wake.

Kwa hiyo kama mtu wenu anakunywa kila siku na asubuhi anatetemeka, msimwambie "acha leo leo" na kumfungia. Mwambieni, "Twende hospitali, tuache kwa msaada." Na kama ameshawahi kupata degedege alipoacha zamani, msijaribu nyumbani hata mara moja.

Jambo lingine la hatari. Kuna akina mama wanaouziwa vidonge vya disulfiramu na kuambiwa wamtilie bwana katika chai kwa siri. Dawa hiyo ipo kweli na madaktari huitumia. Aliyeimeza akinywa pombe, uso unawaka, moyo unakwenda mbio, anatapika. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo inaweza kuwa kifo. Inatolewa kwa mgonjwa aliyekubali, anayejua atakachopata akinywa, na aliyepimwa na daktari. Mama, tunajua umechoka. Lakini usiitie kwa siri.

Na la tatu ni ile pombe iliyotiwa spiriti ya viwandani. Hatujasahau. Mwaka 2000 mitaa ya Mukuru, Nairobi, ilizika watu zaidi ya 100. Mwaka 2014 msiba ukapita Embu, Kiambu na kwingineko. Februari 2024 ukawa Kirinyaga. Sumu hiyo, methanoli, haionekani kwa macho. Mtu anaweza kulala akidhani amelewa tu, na dalili zikaja baadaye, hata baada ya saa 12 au 24: kuumwa tumbo, kichwa, pumzi ya haraka, macho kuingia ukungu kisha giza. Akisema "sioni vizuri" msingoje mapambazuke. Dawa ipo, ila inafanya kazi akiwahi. Wala msimfiche mkiogopa polisi. Waelezeni madaktari ukweli juu ya alichokunywa na wenzake waliokunywa naye.

TUTIBU WOTE WAWILI PAMOJA

Sasa turudi kwa wale mapacha. Tunaona makosa mawili yakijirudia.

La kwanza: kijana anapelekwa kwenye kituo cha kurekebisha walevi. Familia imeuza ng'ombe. Anakaa miezi mitatu, anarudi amenenepa, anashuhudia kanisani, tunapiga makofi. Lakini hakuna aliyemuuliza kwa nini halali usiku. Ile huzuni amerudi nayo ndani ya sanduku lake. Wiki chache baadaye ameanguka, nasi tunasema, "Pesa zimepotea bure, huyu hana shukrani."

La pili: mgonjwa anapelekwa kliniki ya magonjwa ya akili, anapewa vidonge. Hakuna aliyemuuliza juu ya chang'aa, naye hakusema. Anameza vidonge, jioni anakunywa. Dawa haifanyi kazi vizuri, au anaacha kuimeza siku za kunywa kwa sababu ameambiwa asichanganye. Ugonjwa unarudi kwa nguvu, na watu wanasema dawa za hospitali hazisaidii.

Njia iliyo bora ni kutibu yote mawili kwa pamoja, na wahudumu wanaosemezana. Daktari akijua pande zote mbili atajua la kufanya. Kwa mfano, huzuni nyingine iliyoletwa na pombe yenyewe hupungua wiki mbili hadi nne baada ya kuacha. Ikibaki baada ya hapo, ni ugonjwa unaosimama peke yake na unahitaji matibabu yake: mazungumzo na mshauri, au dawa, au vyote. Na mgonjwa akiteleza akanywa, asiache dawa ya akili kwa uamuzi wake. Arudi kliniki aulize.

Tunajua watu wanaogopa jina la Mathari. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1910, na kwa miaka mingi jina lake likawa tusi la watoto shuleni. Lakini si kila mgonjwa anahitaji kufika Mathari. Hospitali nyingi za kaunti zina kliniki ya afya ya akili, na Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Anzieni kwa muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya wa kijiji chenu, mwombe barua ya kumpeleka mgonjwa mbele. NACADA nao wana simu ya bure, nambari 1192.

Kabla hamjalipa kituo chochote cha kurekebisha walevi, ulizeni haya: Je, kina kibali cha NACADA? Je, kuna muuguzi au daktari wa kumwangalia siku za kwanza? Ni nani anayepima na kutibu ugonjwa wa akili? Je, familia inaruhusiwa kumtembelea? Akitoka, nani atamfuata? Mkisikia habari ya viboko au minyororo, chukueni mtu wenu mwende.

AKISEMA AMECHOKA KUISHI

Pombe na huzuni zikikutana, mtu anaweza kufikiria kujiua. Wengi huogopa kumuuliza wakidhani watampa wazo. Sivyo. Kumuuliza kwa upole, "Je, umefikiria kujitoa uhai?" kunamfungulia mlango wa kusema. Akisema ndiyo, msimwache peke yake. Ondoeni kamba, dawa za shamba na visu, mmpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Zamani familia zilificha kwa sababu ya sheria, maana aliyejaribu kujiua aliweza kufungwa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo tusikae na mgonjwa nyumbani kwa hofu ya kituo cha polisi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

JUMUIYA IFANYE NINI?

Ndugu viongozi, sasa tumefika kwenye jambo letu. Mtu akifa kwa pombe hapa kwetu, kufikia jioni kamati imeundwa. Mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, daftari limefunguliwa. Jeneza, gari, chakula, hema, kila kitu kinapatikana ndani ya wiki moja. Hatuna umaskini siku ya matanga. Lakini mtu huyo huyo alipokuwa hai, anatetemeka mlangoni kwa mama yake, ilikosekana nauli ya kumfikisha hospitali ya kaunti.

Tunapendekeza haya:

Kwanza, kila jumuiya itenge kidogo kutoka mchango wake wa kila mwezi kwa nauli na dawa za mgonjwa wa pombe au wa akili. Pesa zisipewe mgonjwa mkononi. Zilipe gari na duka la dawa.

Pili, wachaguliwe watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wenye kifua cha kutunza siri. Hao ndio watakaofuatana na mgonjwa kliniki na kukumbuka tarehe ya kurudi. Wengi hupotea kwa sababu hakuna wa kuwaambia, "Kesho ni siku yako."

Tatu, tumpokee anayerudi. Asiulizwe hadharani atashinda siku ngapi. Apewe kazi, hata ya kupanga viti. Akianguka tena, tufanye kama tunavyofanya na mwenye presha iliyopanda: tunamrudisha kwa daktari, hatumwimbii nyimbo za kumdharau.

Nne, tufungue chumba kimoja cha parokia jioni moja kwa wiki kwa wale wanaojaribu kuacha, wakutane wao kwa wao. Mpango wa namna hii ulianza mwaka 1935 huko Akron, Marekani, pale Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, na daktari Bob Smith, wote walevi, walipogundua kwamba kila mmoja anabaki bila pombe akimsaidia mwenzake. Ndicho chanzo cha vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambavyo vipo hapa Kenya pia, na havitozi ada.

Tano, tusimsahau mama wa nyumba na watoto. Kuna mtoto wa darasa la sita anayepika, anaosha wadogo zake, na usiku anamfungulia baba mlango akiombea asipigwe. Mtoto huyo hatalia mbele yenu. Mtaona tu anasinzia darasani. Naye ahesabiwe kuwa mgonjwa wa nyumba hiyo. Na mama anayepigwa asiambiwe avumilie kwa sababu bwana ni mgonjwa. Ugonjwa hautoi ruhusa ya kupiga. Atafutiwe mahali salama kwanza, mengine yafuate.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hospitali peke yake haitoshi, sala bila hospitali haitoshi, na familia peke yake imeshachoka. Tukiungana tunaweza kumfikisha mtu mmoja, halafu wa pili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu kuna nyumba ngapi zenye mgonjwa wa pombe au wa akili? (Msitaje majina.)
2. Kliniki ya afya ya akili iliyo karibu nasi iko wapi, inafunguliwa siku gani, na nauli ni kiasi gani?
3. Mwaka uliopita tulichanga kiasi gani kwa matanga, na kiasi gani kwa wagonjwa walio hai?
4. Tumchague nani na nani wa kufuatana na wagonjwa kuanzia mwezi ujao?